Sauti ya Kurithi



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaofuatilia tafakari hii ya kila juma, leo ninaomba ruhusa yenu nitoke kidogo nje ya uzio wa kanisa. Kwa majuma mawili sasa, kila baada ya Masifu ya Jioni, nimekuwa nikisikiliza albamu moja ya taarabu kutoka Unguja. Mwimbaji wake ni Siti Muharam, na albamu hiyo, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ndogo ya muziki ya mjini London, inaitwa Siti of Unguja. Ndiyo albamu yake ya kwanza. Hata hivyo anayeisikiliza mara moja tu hutambua kwamba ndani ya sauti hiyo imo sauti nyingine iliyotangulia, kwa maana Siti Muharam ni kitukuu wa Siti binti Saad, na nyimbo alizochagua kuanza nazo ni zile zile zilizompa jina mama mkuu huyo wa taarabu.

Najua wapo watakaouliza: Paroko na taarabu wapi na wapi? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba jambo linalozungumzwa na albamu hii limekuwa likizungumzwa hapa kwetu tangu Pasaka, na mengi yamesemwa kwenye ngazi za kanisa, kwenye mikutano ya Jumuiya, hata ofisini kwangu. Katika kwaya yetu yupo binti ambaye sitamtaja jina, ingawa wengi mnamfahamu. Bibi yake aliimba sauti ya kwanza parokiani hapa kwa zaidi ya miaka thelathini, akafariki mwaka 2019. Binti alipoanza kuongoza wimbo wa katikati, wengi wetu tuliinua vichwa, na leso zikatoka. Ilikuwa kana kwamba marehemu amerudi mahali pake. Sasa binti ametunga nyimbo zake mwenyewe nane, amezirekodi katika studio ya mjini kwa michango ya wenzake, na maneno yameanza. Baadhi wanasema anaiga. Baadhi wanasema anaifanyia biashara sauti ya marehemu. Wengine wanauliza kwa nini asirekodi nyimbo za bibi yake tu, zile ambazo kila mtu anazipenda.

Nimeombwa nitoe neno. Kabla ya kulitoa, naomba twende Unguja kwanza, kwa kuwa nadhani wenzetu wa kule wana la kutufundisha.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 hivi, baba akiwa na asili ya Unyamwezi na mama asili ya Uzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukupigwa marufuku hadi mwaka 1897. Mtoto huyo alizaliwa katikati ya miaka hiyo, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Naomba msomaji atulie kidogo juu ya jina hilo. Sisi huwabatiza watoto wetu kwa majina ya watakatifu ili wawe na mtu wa kumtazama. Huyu alipewa jina la hali yake, kana kwamba hali hiyo ndiyo ingekuwa mwisho wake.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alijifunza kufinyanga vyungu, akawa akivichukua kichwani kwenda kuviuza mjini, akinadi bidhaa yake kwa sauti. Husimuliwa kwamba watu waliijua sauti hiyo kabla ya kumwona mwenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko akafundishwa kupiga ala na kuimba, akajifunza pia kuisoma Kurani kwa mahadhi, na hapo ndipo pumzi yake ilipopata adabu na nguvu. Lile jina la Mtumwa likaachwa njiani. Akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Sisi tuliozoea kusoma habari za Abramu aliyekuwa Abrahamu na Simoni aliyekuwa Petro tunaelewa kwamba jina jipya mara nyingi huja pamoja na kazi mpya.

Kazi yake ilikuwa ipi? Taarabu ilikuwa imeingia Unguja kwa mlango wa ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma mtu wake Misri akajifunze muziki huo, na kwa muda mrefu uliimbwa na wanaume, kwa Kiarabu, mbele ya wakubwa. Siti aliuchukua muziki huo akauimba kwa Kiswahili, lugha ya wauza samaki na wachukuzi wa bandarini. Mwanamke, mtoto wa watumwa, mzaliwa wa shamba, akawaimbia watu wa Ng'ambo habari zao wenyewe, na baadaye ikulu nayo ikamwita. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zao kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za Kiswahili, na zilisambaa pwani yote ya Afrika Mashariki na kupanda hadi bara.

Mafanikio hayo hayakumfurahisha kila mtu. Wapo waliotunga wimbo wa kumdhihaki, wakimkumbusha nguo duni aliyoingia nayo mjini na kumwuliza tangu lini naye akawa mtu. Wakamsema pia kwa sura yake, iliyokuwa na makovu ya ndui. Siti aliimba akiwa amejifunika ushungi, na dhihaka ile akaijibu kwa wimbo, akieleza kwamba upungufu wa kweli wa mwanadamu hauko usoni wala katika ukoo wake. Hakumtukana mtu. Alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert, aliyewahi kuonana naye, akaandika wasifu wake. Ndicho kitabu nilichokisoma mimi nikiwa kijana wa seminari ndogo, miaka mingi kabla sijaisikia sauti yenyewe.

Katika nyimbo zote za Siti, uliokaa moyoni mwangu zaidi ni ule unaoitwa Kijiti. Ni wimbo juu ya jambo lililotokea kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikwenda Unguja kutembea. Akachukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti kwenda katika starehe za usiku, pamoja na wanawake wawili wenyeji. Mgeni yule hakurudi hai. Kijiti akatorokea bara, asishikwe. Wanawake wale wawili walipofika mbele ya hakimu kueleza waliyoyaona, walioadhibiwa wakawa wao, kwa kosa la kuhusika na pombe iliyonywewa siku ile. Muuaji huru, mashahidi kifungoni. Hivyo ndivyo haki ilivyotolewa katika mahakama ya wakoloni.

Siti akaiimba habari hiyo. Tunaweza kuwaza ilivyokuwa katika nyumba za Ng'ambo wakati huo: watu ambao mahakamani hawakuwa na la kusema, wakikaa usiku kuisikia kesi ile ikisomwa upya, safari hii na mtu aliye upande wao. Hukumu ya wimbo haikuweza kumfunga mtu. Iliweza tu kulitaja jina la mkosaji kila ulipoimbwa, na kuwarudishia wale mashahidi wawili heshima yao.

Siti alipofariki, wimbo huo haukuzikwa naye. Alikuwepo msichana mmoja wa shamba aliyejifunza nyimbo zake kwa kumsikiliza, jina lake Fatuma binti Baraka. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Bi Kidude. Wengi wetu tunamkumbuka, maana alifariki juzijuzi tu, tarehe 17 Aprili 2013, akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu sawasawa. Yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa akitaja zama za rupia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, akiwa bibi kizee. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti maisha yake yote, na Kijiti ukiwa mmojawapo. Lakini mtu aliyewasikiliza wote wawili hawezi kuwachanganya. Siti wa santuri ana sauti nyembamba, ya juu, yenye kupanda na kushuka kwa utaratibu wa msomaji wa Kurani. Bi Kidude sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mwanamke aliyepiga ngoma ya msondo na kuwafunda mabinti unyago. Kwa vipimo vya mwalimu wa kwaya, Bi Kidude hakumwiga Siti vizuri hata kidogo. Ila kesi ya yule mgeni wa Dar es Salaam aliipokea kutoka kwa Siti, akaendelea kuisoma mbele ya watu miongo mingi baada ya hakimu na mshitakiwa wote kufa.

Wapo hata warithi wa sauti hiyo ambao hawakuimba kabisa. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Waandishi wale walikuwa na kalamu, hawakuwa na udi wala fidla. Nadhani walielewa vema kuliko wengi nini hasa kilichokuwa kimeachwa na marehemu.

Sasa turudi kwa kitukuu. Nilipoanza kuisikiliza albamu ya Siti Muharam nilikuwa na hofu ile ile ambayo wazee wetu wanayo juu ya binti wa kwaya. Nilidhani nitasikia mtu aliyevaa nguo za mwingine. Ukoo, jina, nyimbo, vyote vilikuwa vinamsukuma huko. Na biashara ya muziki nayo hupenda kitu kilekile kilichokwisha kupendwa. Lakini sivyo nilivyosikia. Ala za zamani zimo, na zinapigwa na watu wanaozijua. Pembeni yake kuna besi, ala za kupuliza na milio ya mitambo ya kisasa ambayo Siti binti Saad hakuijua. Nilipofika kwenye wimbo uitwao Machozi ya Huba nilizima taa nikausikiliza gizani. Sauti ya kitukuu haijitahidi kufanana na santuri. Inakwenda polepole, ina ukimya ndani yake, na inaonekana kumwachia mkubwa wake nafasi ya kupita. Nilijikuta nikiwasikia wote wawili, bila mmoja kumfunika mwenzake.

Nikajiuliza amewezaje. Kwa kuwa mimi si mtaalamu wa muziki, nitajibu kwa kile nilichofundishwa.

Seminarini tulikuwa na mwalimu wa historia ya Kanisa aliyependa kutuonyesha kitenzi kimoja cha Kilatini, tradere, chenye maana ya kukabidhi. Kutoka humo tunapata neno traditio, yaani mapokeo: kile ambacho Mtume Paulo anawaeleza Wakorintho kwamba alikipokea, naye akawakabidhi. Lakini kutoka kitenzi hicho hicho, alituambia, limetoka neno traditores. Hao ni wale ambao wakati wa madhulumu ya Kaisari Diokletiano, kuanzia mwaka 303, waliyakabidhi Maandiko Matakatifu kwa askari ili yachomwe moto. Kitendo kwa nje ni kile kile: mtu ameshika kitu, anakitoa mkononi mwake na kumpa mwingine. Tofauti iko katika kinachotokea baadaye. Katika mapokeo kile kilichokabidhiwa kinaendelea kufanya kazi yake. Katika usaliti kazi yake inakomea hapo, hata kama kuna majivu ya kuonyesha.

Tazameni pia Eliya na Elisha. Mwanafunzi aliomba fungu maradufu la roho ya mwalimu wake, akaliokota vazi lililoanguka, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuyapiga maji ya Yordani kama alivyofanya Eliya. Hapo aliiga, na hakuna ubaya. Kila mwanafunzi huanza hapo. Lakini baada ya hapo Elisha alikwenda kwa watu wake mwenyewe: kwa mjane aliyedaiwa na watoto wake wakitaka kuchukuliwa watumwa, kwa mwanamke wa Shunemu, kwa Naamani mwenye ukoma. Hata kwa sura hawakufanana. Maandiko yanatueleza habari za manyoya ya Eliya na za kipara cha Elisha, na nadhani mtu angewatofautisha hata akiwa ng'ambo ya mto. Waliomfahamu Eliya, hata hivyo, walikiri kwamba roho yake imemkalia huyu.

Kwa hiyo ninawaomba tutofautishe mambo mawili ambayo tumeyachanganya hapa parokiani: mwangwi na urithi. Mwangwi ni sauti inayorudi kutoka mlimani. Ni ile ile, na kila inaporudi inakuwa hafifu zaidi, mpaka inakwisha. Urithi hupokelewa na mtu aliye hai, mwenye koo lake na mahangaiko ya siku zake. Wahenga walituonya kwamba mwacha asili ni mtumwa, na ni kweli. Mzee mmoja wa kwaya naye alinikumbusha ofisini methali nyingine, ile ya kuiga tembo, akaishia katikati kwa heshima ya kola yangu, tukacheka sote. Lakini binti wetu asili hajaiacha, wala hajaiga tembo. Amefanya alichofanya Elisha: ameokota vazi, akaanza kutembea.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo wengi wanalijua na wachache wanalitaja. Nimezisikiliza nyimbo zote nane. Saba kati yake hazina mgogoro na mtu. Ni wimbo wa tatu uliozua yote haya. Wimbo huo unamzungumzia mjane aliyefukuzwa shambani na ndugu za mumewe kabla hata ya arobaini ya marehemu, akabaki na watoto na kitanda barazani kwa jirani. Hautaji jina, hautaji kijiji. Haikuwa lazima. Sote tunajua mjane huyo anaketi benchi gani siku ya Jumapili, na tunajua shemeji zake wanaketi benchi gani.

Binti alipokuja ofisini hakulalamika. Aliamkia, akakaa, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Padre, mimi nikiimba wanamlilia bibi. Huyu mama aliye hai nani anamlilia?" Tangu siku hiyo hajaimba. Jumapili tatu sasa wimbo wa katikati umesomwa.

Wapendwa, tuulizane kwa upole kwa nini tunaupenda mwangwi. Nadhani ni kwa sababu mwangwi haumshitaki mtu. Sauti ya marehemu ikirudi kwetu ikiwa nzuri na ya huzuni, tunalia, tunajisikia tu wema, tunarudi nyumbani. Sauti hiyo hiyo ikitumika kutaja dhuluma iliyotendeka mwezi uliopita, ghafla tunagundua kwamba binti anaiga, kwamba anafanya biashara, kwamba hamheshimu bibi yake. Waliomtungia Siti binti Saad wimbo wa dhihaka nao walizungumzia nguo na uso wake. Hawakuzungumzia yale aliyokuwa akiyaimba.

Na bibi yake je? Wazee wa kwaya mnakumbuka kuliko mimi. Mlinisimulia wenyewe kwamba miaka ile ya njaa ndiye aliyetunga wimbo wa kuwataka wenye ghala wafungue milango, akauimba mbele ya wenye ghala waliokuwa viti vya mbele. Leo tunauimba wimbo huo wakati wa matoleo kwa furaha kubwa, na hakuna anayekumbuka kwamba siku ya kwanza wapo waliotoka nje. Uzuri wa sauti ile tumeutunza. Naomba tusisahau ilikuwa inasema nini.

Basi, kwa kuwa mmeniomba neno, haya ndiyo ninayoyasema.

Kwanza, kuhusu liturujia. Hakuna wimbo mpya unaoimbwa ndani ya Misa Takatifu kabla haujapitiwa na kamati ya liturujia ya jimbo. Sheria hiyo ni ya watunzi wote, naye si wa kubaguliwa wala wa kupendelewa. Mwalimu wa kwaya amekwisha kuandaa nota, na nyimbo tano zinazofaa ibada zitapelekwa mwezi huu. Huo wa tatu si wimbo wa ibada, na mtunzi mwenyewe hakudai kwamba ni wa ibada. Ni wimbo wa kuimbwa uwanjani baada ya Misa, na kwenye Jumuiya, na popote watu wanapokutana. Mimi sioni sababu ya kuuzuia.

Pili, kuhusu nyimbo za marehemu bibi. Nimefahamishwa kwamba nne kati ya hizo hazijawahi kuandikwa popote, na wanaozikumbuka kwa ukamilifu wamebaki kina mama wawili, mmoja wao akiwa mgonjwa. Hili ndilo linalopaswa kutukosesha usingizi. Santuri za mwaka 1928 ndizo zilizomwezesha kitukuu kumsikia mama mkuu wake. Sisi tuna simu mifukoni, na hatujamrekodi mtu. Ninaomba vijana wa kwaya waende kwa kina mama hao juma hili hili, kwa unyenyekevu na kwa kilo moja ya sukari, wakazipokee nyimbo hizo kutoka vinywani mwao.

Tatu, kuhusu wimbo wa katikati. Ningependa binti arudi mahali pake, lakini asiwe peke yake. Wafundishwe na wengine wawili au watatu, ili Jumapili moja tumsikie huyu, na nyingine tumsikie yule. Si haki kumfanya mtu aliye hai kuwa kaburi la mtu mwingine, hata kama ni kaburi lenye maua mengi. Na siku atakapoimba, yeyote anayemkumbuka marehemu alie kwa uhuru wote, nami nitalia naye. Kisha asikilize maneno.

Shauri la yule mjane litasikilizwa Alhamisi saa tatu asubuhi katika ofisi ya kata. Mimi nitakuwepo, si kwa ajili ya kuamua, kwani kazi hiyo si yangu, ila kukaa karibu naye. Katekista atakuwepo, na kina mama wa WAWATA wameahidi kuja. Shemeji zake nimewatembelea nyumbani, nao ni wanaparokia wangu sawa na yeye. Wamenipokea vizuri, tumezungumza, na ninaendelea kuwaombea. Mwenye nafasi asikose. Mashahidi wa kesi ya Kijiti walisimama wawili tu mbele ya hakimu, na tunajua yaliyowapata.

Nawatakieni juma jema lenye amani. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko